One Piece: tuitazame kwa sauti za Kiingereza au kwa Kijapani chenye maandishi?

Kofia ya Ukili: Ndugu zangu, mdogo wangu anataka kuanza kuitazama One Piece, anime (katuni ya Kijapani) ya maharamia iliyoanza kurushwa Japani mwezi Oktoba 1999 na sasa imepita sehemu 1,000. Kabla hajaianza safari ndefu kiasi hicho, ningependa tujadili ni toleo gani limfae: la sauti za Kijapani lenye maandishi ya Kiingereza chini, au lile lililotiwa sauti za Kiingereza. Msimamo wangu ni Kijapani, na siwafichi kwamba wanaopenda sauti za Kiingereza ninawaona wavivu wa kusoma.

Binti Pangani: Swali lilikuwa jema mpaka ulipofika kwenye uvivu. Mimi ni fundi cherehani. Jioni One Piece huzungumza pembeni huku macho yangu yakiwa kwenye mshono, na kama ningefuata maandishi ningekuwa nimeshona kidole. Nieleze, kaka, mvivu ni yupi kati ya anayefanya kazi huku akisikiliza na anayejilaza kwenye kochi akisoma mistari miwili miwili?

Nahodha wa Kizimkazi: Tuliache kochi, tutazame kilichotendeka. Mwaka 2004 kampuni ya Marekani iitwayo 4Kids iliitia hadithi hii sauti za Kiingereza kwa ajili ya vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi. Sehemu 143 za mwanzo zikabanwa hadi 104, bastola kadhaa zikachorwa upya zifanane na vitu vya kuchezea, na sigara ya Sanji, mpishi wa maharamia hao, ikawa pipi ya kijiti. Baya zaidi, nyangumi Laboon aliondolewa kabisa, ilhali mhusika Brook anapojitokeza baadaye, kisa chake chote kinasimama juu ya ahadi ambayo yeye na maharamia wenzake walimwachia nyangumi huyo. Aliyelelewa na toleo lile atakielewaje kilio cha Brook?

Baba Wawili: Ndugu Nahodha, hapo kwenye pipi umenigusa. Nina watoto wawili ambao kila wanachokiona kwenye skrini hukiigiza uani, na sioni dhambi ya mtu kumwondolea mpishi sigara. Netflix walipoitengeneza kwa waigizaji wa kweli mwaka 2023, Sanji hakuvuta msimu ule wote, na muundaji mwenyewe, Eiichiro Oda, alikuwa miongoni mwa wazalishaji. Mbona hamkuandamana?

Kofia ya Ukili: Kwa sababu ile ni kazi nyingine, Mzee. Kutengeneza upya ni jambo moja, na kuichukua kazi iliyokwisha kukamilika ukaifuta kwa raba ni jambo jingine. Ikiwa unaona haiwafai watoto wako, basi wasiitazame, badala ya kutaka wote tupewe pipi.

Baba Wawili: Sikutaka upewe pipi. Nilichosema ni kwamba humlelei mtu mtoto wake kwa kumfundisha televisheni yake izimwe lini.

Mwana wa Bukavu: Mnaugombea usafi ambao haupo hata Japani. Katika kitabu cha picha ambacho anime ilitokana nacho, Zeff, mpishi aliyemlea Sanji, anaukata mguu wake mwenyewe na kuula ili chakula chote kilichopo kimwokoe Sanji mdogo. Katika anime ya Kijapani mguu unapotea baharini akimwokoa mtoto huyo. Kwa hiyo Toei, studio inayoitengeneza anime hiyo, nao walilainisha, tena kwa Kijapani fasaha. Sisi tuliokulia kwenye Kifaransa tuliona makubwa zaidi, kwani watia sauti wa Hokuto no Ken, anime nyingine, waliuchukia ukatili wake mno hata wakaugeuza mzaha.

Nahodha wa Kizimkazi: Mguu wa Zeff haumrudishi Laboon.

Binti Pangani: Laboon alikwisha kurudi, Nahodha. 4Kids waliachana na One Piece mwaka 2006, kampuni nyingine ya Marekani, Funimation, wakaichukua mwaka 2007, na baadaye wakazitia sauti upya zile za mwanzo bila kukata, sauti ya Luffy, mhusika mkuu, ikiwa ya Colleen Clinkenbeard. Mnapigana na maiti. Isitoshe, hayo maandishi mnayojivunia ni ya Kiingereza vilevile. Ninyi na mimi sote tunamtegemea mfasiri, tofauti ni kwamba wenu anaandika na wangu anasema. Bado ninasubiri neno la uvivu lifutwe.

Kofia ya Ukili: Mfasiri wako ananyamazisha waigizaji, wangu hawagusi, na hilo hujalijibu. Mayumi Tanaka amekuwa Luffy tangu mwaka 1999, na sauti yake imekomaa pamoja na mhusika. Msikilize Yuriko Yamaguchi, sauti ya Robin, kwenye kisa cha kisiwa cha Enies Lobby, Robin anapokiri kwamba anataka kuishi, halafu uniambie kama maandishi yalikuchelewesha. Kuhusu uvivu, nitalifuta kwa mafundi cherehani peke yao.

Binti Pangani: Na wasiosoma haraka? Na bibi yangu mwenye mtoto wa jicho? Umesamehe kazi yangu, hukusamehe macho ya mtu.

Mwana wa Bukavu: Na mdogo wake je, ameshaanza?

Kofia ya Ukili: Alianza jana kwa Kiingereza, bila kuniuliza.

Baba Wawili: Samahani, niruhusuni swali moja la manufaa: katika hilo toleo la Funimation, Sanji anavuta sigara au havuti?

Binti Pangani: Anavuta, kaka, tangu tunapomkuta Baratie, ule mgahawa wa baharini.