Macho ya mtoto bado ya njano, nimwanike jua hadi lini?

MamaK_Umoja: Wapendwa, nisaidieni. Mtoto wangu wa kwanza alipata manjano baada ya kuzaliwa, nikaambiwa nimwanike jua la asubuhi litaisha. Na baridi hii ya Julai jua lenyewe linachungulia saa nne. Ananyonya vizuri, analala. Niongeze dakika ngapi?

Mzee_Kayole: Wangu wanne wote niliwaanika saa moja asubuhi. Nyinyi wa siku hizi mnajifungia ghorofani, pazia mchana kutwa.

Shiku_Githurai: Pole dada. Mimi nyongo imenitesa! Nikila chapati, maumivu chini ya mbavu za kulia mpaka begani. Kupigwa picha, kumbe mawe. Kifuko chote kilitolewa.

Nesi_wa_Zamu: Shiku, hayo ya mawe tuyaweke kando. MamaK, mtoto ana umri gani? Choo chake kina rangi gani?

MamaK_Umoja: Wiki saba na siku mbili. Choo ni cheupe, kama chokaa. Mkojo unaacha doa la chai kwenye nepi. Mama mkwe anasema ni maziwa yangu, na Ijumaa tunaenda Kakamega kwa dawa ya miti. Nauli nimeshalipa, msinigombeze.

Nesi_wa_Zamu: Sikugombezi, mama. Choo hupata rangi kutokana na nyongo. Kikiwa cheupe, huenda nyongo haifiki utumboni, na jua haliwezi kuzibua njia. Manjano yakipita siku 14 hupimwa damu, bilirubini zote mbili (ile rangi ya njano, iliyopitia kwenye ini na ambayo bado). Njia zikiwa zimeziba, kuna upasuaji wa Kasai: utumbo unaunganishwa na ini. Hufaulu zaidi kabla ya siku 60. Wako ana 51. Waulize pia kuhusu vitamini K, maana bila nyongo haifyonzwi vizuri na mtoto anaweza kuvuja damu. Dawa ya miti usimpe, ini lake halina nguvu ya ziada.

Jicho_Kali: Ngojeni. Mwezi Mei akaunti hii iliandika "mimi kama baba mtarajiwa". Hadithi ya kutunga hii. Aweke picha ya nepi.

MamaK_Umoja: Mei aliandika mume wangu. Simu ni moja.

Nesi_wa_Zamu: Usiweke picha hapa. Beba nepi yenyewe, daktari aione.

Mzee_Kayole: Mama, hilo la choo ungelisema mapema nisingetaja pazia. Nenda hospitali ya Kenyatta, kesho.

MamaK_Umoja: Nimeifunga kwenye mfuko. Mume ameenda kuuliza kama nauli inarudishwa. Tunatoka saa kumi na moja, kabla Jogoo Road haijajaa magari.