Ushauri: Nauza simu Kariakoo, mauzo yameshuka vibaya. Niongeze mzigo au nifunge?

Asali Mbichi
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, usingizi umekata.

Nauza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Fremu tunagawana wawili, upande wangu nalipa laki saba kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nilianza 2015 nikiwa winga, natembeza simu za watu mkononi, baadaye nikapata kabati langu. Mwaka 2018 na 2019 siku mbaya ilikuwa nikiuza simu nane. Sasa hivi nikiuza mbili nashukuru. Jana nimefunga sijauza hata moja, nimeuza protekta tatu na chaji. Kuna boksi zina miezi minne kwenye shelfu. Kila asubuhi nazifuta vumbi, za nyuma nazileta mbele ili mtu adhani mzigo mpya umeingia.

Watu wapo, mtaa umejaa kama kawaida. Wanashika simu, wanauliza bei, wanajaribu kamera, halafu wanatoa ya kwao mfukoni, wanaziweka sambamba, wanaziangalia weee, wanaondoka.

Swali: tatizo ni soko au ni mimi? Nina milioni 28 mkononi. Nafikiria kuachana na simu za laki mbili laki tatu, nilete mzigo wa simu za bei kubwa moja kwa moja kutoka Shenzhen. Au nihamie mkoani? Nishaurini kwa nia njema.

Fundi Bisibisi
Pole mkuu. Wateja wako unaowatafuta wako kwangu Tandika.

Juzi kaja mama mmoja muuza samaki, simu yake ya 2020. Betri imevimba mpaka imesukuma mfuniko wa nyuma, kaubana kwa mpira wa kufungia noti. Nimeipasha moto taratibu, nikapitisha kipande cha plastiki pembeni, nikaifungua. Ndani imeshika magamba ya samaki. Nikasafisha, nikaweka betri ya elfu ishirini na tano, ikawaka. Akaniambia, "Hii nitaitumia mpaka mwanangu amalize form four." Mtoto yuko form two.

Miaka ya nyuma simu ya miaka miwili ilikuwa imechoka kweli, WhatsApp ikifunguka inaganda. Za siku hizi hazichoki hivyo. Kioo kikipasuka ni elfu hamsini, sitini, anabadilisha anaendelea. Mimi mwenyewe nina kijana wa pili wa kunisaidia tangu mwaka jana, na tunafunga saa tatu usiku. Mke wangu analalamika kwamba nyumbani nakuja kulala tu, ila hilo ni la siku nyingine.

Sala na Kazi
Ndugu yangu, kabla ya kulaumu soko jiulize kama mlikuwa waaminifu huko Aggrey. Mwaka 2021 niliuziwa simu "mpya", boksi limefungwa na nailoni juu. Nimefika nyumbani nakuta picha za harusi ya watu nisiowajua. Mteja akiumizwa mara moja, anawaambia kanisa zima. Tubu kwanza, riziki itarudi.

Asali Mbichi
Mzee wangu pole kwa hilo, lakini mimi sijawahi kuuza used kwa jina la mpya. Nasema mbele za Mungu. Naomba tujadili soko.

Takwimu Tupu
Mtoa mada, si wewe, na si Kariakoo peke yake.

Kilele cha simu janja duniani kilikuwa 2016, zilisafirishwa karibu bilioni 1.47 kwa hesabu za IDC, kampuni ya utafiti wa masoko. Tangu hapo mwendo umekuwa wa kushuka. Mwaka 2023 zilikuwa bilioni 1.17 hivi, chini kuliko mwaka wowote katika muongo mzima. 2024 zikapanda kidogo hadi bilioni 1.24, bado hazijafikia kilele.

Sababu kubwa ni kwamba aliyehitaji simu ya kwanza ameshaipata, na aliyenayo haoni sababu ya kubadilisha. Kutoka kitochi kwenda simu janja ilikuwa kama kutoka kibatari kwenda umeme. Kutoka simu ya mwaka juzi kwenda ya mwaka huu ni kubadilisha balbu. Apple wenyewe Januari 2019 walipopunguza makadirio ya mapato, lawama kubwa waliipeleka China, lakini walitaja pia kwamba baadhi ya wateja walibadilisha betri kwa bei nafuu badala ya kununua simu mpya. Yule mama wa samaki wa Fundi, kwa Kimarekani. Na sasa Google tangu Pixel 8 na Samsung tangu Galaxy S24 wanaahidi masasisho ya miaka saba. Miaka saba mkuu! Mteja huyo utamwona tena lini?

Ushindani nao umeua walioshindwa kupumua. LG walitangaza 2021 kwamba wanatoka kwenye simu kabisa. Kama LG ameshindwa, mwenye kabati Aggrey asijione mjinga.

Mzee wa Likoma
Vijana mmesahau Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki. Watu walipanga foleni wakibonyeza *#06# kuona IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na roho mkononi. Wiki ile niliuza mpaka sauti ikakauka. Nikadhani nimekuwa fundi wa biashara, nikachukua fremu ya pili. Kumbe mahitaji yale yalikuwa ya mara moja, mtu akishanunua halali yake ameondoka. Fremu ya pili niliirudisha na deni juu. Leo nauza pampu za maji, na ninalala.

Wa Luthuli
Hata huku Nairobi ni vivyo hivyo. Luthuli Avenue tuliona mabadiliko tangu Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom ianze 2020, mtu alikuwa analipa shilingi ishirini kwa siku na anapata smartphone. Yule mteja wa chini ambaye angekusanya pesa akuje dukani hakuji tena. Simu yenyewe akikosa kulipa inajifunga, lakini bado anaipenda kwa sababu pesa zote hazimtoki mara moja. Ndugu, kama huna njia ya kukopesha, unashindana na mtu mwenye mfuko mrefu kuliko wako.

Asali Mbichi
Nashukuru wote, hasa Takwimu. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka huohuo wa 2023 ambao soko lilishuka, Apple aliipita Samsung akawa wa kwanza duniani kwa idadi. Maana yake wenye hela bado wananunua, anayekufa ni wa chini na wa kati. Kwa hiyo nikipanda juu niko sahihi.

Halafu bei zinapanda. Chipu za kumbukumbu zinanyakuliwa na vituo vya data vya akili mnemba, kiwanda kinachotengeneza simu ya bei rahisi ndicho kinachoumia zaidi. Wakala wa Shenzhen ananiambia anayelipa sasa atauza kwa faida baadaye.

Deira Usiku
Niko Dubai mwaka wa tisa, nafanya kazi Deira kwenye duka la simu. Sikiliza kaka.

Yule Mmarekani anayenunua iPhone mpya halipi kama unavyodhani. Anarudisha ya zamani inakatwa kwenye bei, iliyobaki analipa kila mwezi. Ile ya zamani haitupwi, nyingine tunaziona hapa kwenye katoni, zimepangwa kwa madaraja kulingana na mikwaruzo na afya ya betri. Usiku wa Alhamisi tunahesabu mpaka vidole vinauma. Katoni zinazoondoka na Watanzania huwa nazijua kwa marobota. Sasa mteja wako wa Mikocheni anayetaka simu ya jina atachukua used ya Dubai kwa nusu bei. Ya kwako mpya, yenye ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake, atakuja kuishika na kupiga nayo selfie.

Chipu kupanda ni kweli. Lakini wakala anayekuharakisha kulipa siku zote anayo habari moja ya kweli mfukoni.

Mama Wawili
Nimesoma yote. Kaka, mtu anayeuza protekta tatu kwa siku milioni 28 kaitoa wapi? Sikuulizi kwa ubaya.

Asali Mbichi
Ni akiba dada.

Mama Wawili
Akiba ya duka lililoanza kuyumba muda wote huo? Kama ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuua, sema tukusaidie. Mimi nilipitia, walikuja kubeba friji na maziwa ya mtoto yakiwa ndani.

Asali Mbichi
Si kausha damu. Tuendelee na mada jamani.

Fundi Bisibisi
Mkuu, mada ndiyo hiyo. Ushauri wa hela yako na wa hela ya mtu haufanani. Mgonjwa akificha maumivu, daktari atatibu kikohozi.

Asali Mbichi
Sawa. Baba alifariki mwaka jana. Alikuwa na kiwanja Kibaha, tumekiuza. Tuko watatu. Mimi mkubwa, wa pili ni mwalimu mkoani, wa mwisho ni binti, yuko chuo Dodoma mwaka wa pili. Mama yupo, anaumwa. Hela iliwekwa kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyeshughulikia mauzo. Milioni 28 ni yetu sote.

Kabla hamjaanza kunihukumu: sina nia ya kumdhulumu mtu. Nikizungusha mara mbili, Desemba kila mmoja anapata zaidi ya mgao wake. Tukigawana sasa, kila mtu atakula na itakwisha.

Mama Wawili
Wenzako wanajua?

Asali Mbichi
Nitawaambia mzigo ukifika.

Mama Wawili
Ukifika? Kwa hiyo umeshalipa?

Asali Mbichi
Nimetanguliza milioni 11. Wiki iliyopita. Iliyobaki anataka Ijumaa ndipo apakie. Simu mbili za sampuli nimezishika kwa mikono yangu, ni halisi, IMEI nimezihakiki. Sikuja hapa bila kufanya uchunguzi.

Sala na Kazi
Hela ya mayatima. Mwanangu, una binti chuoni anayesubiri ada na wewe unamtumia mtu usiyemjua. Hapa sina cha kukuficha, umekosea.

Deira Usiku
Sampuli kila mtu anatuma halisi. Omba mkataba, omba leseni ya kampuni, mtafute Mtanzania wa Guangzhou aende mpaka ofisini kwa huyo mtu. Kabla ya hapo hata senti usiongeze.

Chujio
Wakuu, mnapoteza muda. Hii ni chai, stori ya kutunga, tena chai ya tangawizi.

Nimepitia nyuzi za huyu Asali Mbichi. Februari aliuliza utaratibu wa uhamisho wa walimu kutoka Nzega. Mwaka juzi alileta mada ya madaraja ya walimu kuchelewa. Leo ana fremu Aggrey tangu alipokuwa winga 2015? Mwalimu gani anafundisha Tabora asubuhi na kuuza simu Kariakoo jioni? Nahisi ni mtu wa huyo wakala. Subirini, kesho ataibuka mwingine na namba ya WhatsApp, "mimi nimepokea mzigo wangu salama."

Wa Luthuli
Eish. Na mimi nimeandika insha yote hiyo.

Takwimu Tupu
Chujio, hata kama ni chai, takwimu nilizoleta ni za kweli na kuna mwenye duka atazisoma.

Mzee wa Likoma
Mimi naamini ni kweli. Ile ya kufuta boksi vumbi na kuzileta mbele hawezi kuisema mtu ambaye hajaamka nazo.

Asali Mbichi
Chujio hujakosea. Akaunti si yangu, ni ya mdogo wangu, yule mwalimu. Ya kwangu majirani wa mtaani wanaifahamu, nisingeweza kuandika haya.

Mwaka jana alichukua simu mpya ya mkopo, hii ya zamani akaniletea niiuze. Nikaiweka laki na ishirini, hakuna aliyeitaka, nikaishusha mpaka tisini, bado. Ipo kwenye droo tangu wakati ule. Wiki hii niliiwasha, nikaikuta bado iko ndani ya akaunti yake. Ndiyo hii ninayoandikia. Sikukusudia kumwigiza mtu, na huyo wakala hanijui kwa lolote zaidi ya hela yangu.

Chujio
Hela yako?

Mama Wawili
Kaka, umetumia simu ya mdogo wako kuuliza kuhusu hela ya mdogo wako. Mpigie leo. Mambo ya Shenzhen yatajadiliwa mkiwa watatu.

Fundi Bisibisi
Na mkikubaliana, mlango wangu uko wazi. Kabati lako likiwa na meza ya fundi pembeni, kodi inatoka. Nitakufundisha kubadilisha vioo bila kukutoza.

Asali Mbichi
Wakuu, anayeandika sasa ni mwenye akaunti. Nimetoka darasani nimekuta arifa zaidi ya thelathini, nikadhani uzi wangu wa uhamisho umefufuka. Nimeusoma huu kuanzia juu, mara mbili.

Kaka, Jumapili uliniambia hela iko benki, tunamsubiri mama apate nafuu tukae kikao. Kuhusu duka sijakasirika, ungesema tu kwamba limekushinda, ningekuelewa. Milioni 17 iliyobaki usiitume. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, napanda basi la alfajiri, kesho usiku nitakuwa Dar. Dada bado sijamwambia, tutamwambia pamoja.

Na ile simu usiiuze hata mtu akifika bei. Picha za baba za hospitali zimo humo, sikuwahi kuzihamisha.

Asali Mbichi
Ipo, mdogo wangu. Nitakupokea stendi ya Magufuli.