UZI WA HASIRA: Skejula inavuruga kazi, na nyinyi bado mnasema "ni umeme"

Jambo wakubwa. Nafungua uzi huu saa saba usiku, niko Katuba hapa Lubumbashi, umeme umekatika tangu jioni, betri ya kompyuta imebaki nusu. Na safari hii umeme hauna kosa. Nataka hilo lisomwe kabla ya mengine yote: umeme hauna kosa.

Mahali ninapofanya kazi (sipataji, na wanaopajua wanyamaze) tunatengeneza kifaa cha kubadilisha chanzo cha nguvu. Umeme wa mjini ukikatika, kifaa kinaamua betri zibebe mzigo au grupu (jenereta) liwashwe, ukirudi, kinarudisha. Ndani kuna prosesa ya ARM yenye kori nne (bongo nne zinazofanya kazi sambamba) za Cortex-A72, aina ile ile iliyomo kwenye Raspberry Pi 4, pamoja na kerneli ndogo (programu ya msingi inayoendesha nyingine zote) ya kujitengenezea. Aliyeiandika aliondoka kabla sijafika. Juu ya faili la skejula, yaani ile sehemu inayoamua kazi ipi ipande kwenye kori ipi, alituachia sentensi moja: "Usiguse. Inatembea."

Inatembea! Kila baada ya siku tatu nne kifaa kinaanguka na kujiwasha upya chenyewe. Muuza samaki wa friza kule Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi) amemwaga samaki mara mbili. Anapiga simu anamtukana mkubwa, mkubwa anakuja kututukana sisi, kisha anasema: umeme. Fundi wa nyaya anasema: umeme. Hata mlinzi wa getini ana maoni yake, na maoni yake ni umeme. Ikanunuliwa stabilizata. Ikabadilishwa stabilizata. Zikaongezwa kapasita mpaka bodi ikafanana na kichaka. Sisi watu wa Lubumbashi tuna ugonjwa huu: chochote kikifa, mshtakiwa yupo tayari, tena ana rekodi mbaya, basi hakuna anayeuliza ushahidi.

Mimi nikauliza. Kila kikianguka, rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) zilizobaki zilionyesha jambo moja: kazi iliyoamshwa imeanza kukimbia na pointa ya staki (anwani ya kumbukumbu ambapo kazi inaweka vitu vyake) ya zamani, ile ya usingizi wake uliopita. Si namba ya kubahatisha. Umeme mbovu hauwezi kuchagua namba iliyokuwa sahihi dakika moja iliyopita. Umeme mbovu unachoma, haukumbuki.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila mtu ananikatiza. Kori A inapoiweka kazi pembeni, inahifadhi rejista zake, inaandika pointa ya staki kwenye rekodi ya kazi, halafu inashusha bendera inayosema "kazi hii bado iko mikononi mwangu". Kori B, inayoitaka kazi hiyo hiyo, inasubiri bendera ishuke, kisha inasoma pointa na kuondoka nayo. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini A72 haijaahidi popote kwamba maandishi mawili ya kawaida kwenye anwani mbili tofauti yataonekana kwa kori nyingine kwa mfuatano ulioandika wewe. B inaweza kuiona bendera iko chini huku pointa mpya haijaifikia. Ni kama malewa (kibanda cha chakula) ambapo binti ametundika kibao cha "bukari tayari" (bukari ni ugali) barabarani na mama bado anakoroga sufuria nyuma ya nyumba. Mteja hakudanganywa na macho, kibao kipo kweli. Anachoshika kwenye sahani ni bukari ya jana.

Na hiyo ni nusu tu. Hata A ikiandika kwa mfuatano mzuri, B nayo inaweza kuisoma pointa mapema, kabla ya kuisoma bendera, kwa sababu prosesa inakisia njia na kukimbia mbele. "Lakini katikati kuna if!" Najua kuna if, yaani sharti la "kama bendera imeshuka". Nimeambiwa habari za if na watu watano. If inazuia kuandika mapema, haizuii kusoma mapema. Kusoma baada ya if kunaweza kufanyika kabla if haijaamuliwa, na ikigundulika kwamba ubashiri wa njia ulikuwa sahihi, thamani ile ya zamani inabaki.

Haya, tuje kwa mabingwa wa volatile, neno lile la lugha ya C. Niliuliza humu mwezi uliopita, nikapata majibu mengi, karibu yote: weka volatile. Ndugu zangu, imo! Bendera ni volatile tangu siku ya kwanza! Volatile ni makubaliano yako na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa) kwamba isiufute usomaji wala kuupanga upya mbele ya volatile nyingine. Kompaila ikishamaliza kazi yake, prosesa haijui hata kama neno hilo liliwahi kuandikwa. Tangu 2011 lugha ya C ina atomiki zake (vigeu vya kushirikishana kati ya kori), zenye maneno ya kusema mpangilio unaoutaka. Kwa nini mtu wa leo bado anafundisha volatile kama dawa ya kori nyingi, sielewi.

Lakini volatile si kitu. Ngoja niwaambie kitanzi.

Mwenzangu mmoja wa kazini, baada ya kuona nahangaika, aliongeza kitanzi cha kuchelewesha kabla ya bendera kushushwa. Hesabu mpaka elfu moja, usifanye kitu, endelea. Kifaa kikakaa siku tisa bila kuanguka. Akapongezwa mbele ya wote. Kwa wiki nzima nikawa yule anayependa kufanya mambo kuwa magumu. "Mukubwa, kwangu inatembea tu muzuri." Siku ya kumi kikaanguka. Nikafungua asembli (maagizo ya prosesa yaliyotoka kwenye kompaila) kuona kitanzi kimekaa wapi. Hakipo. Hakuna hata agizo moja. Kompaila iliona kitanzi kitupu kisicho na faida kwa mtu yeyote, ikakifuta, kama inavyoruhusiwa. Tulisherehekea siku tisa dawa ambayo haikuwamo kwenye chupa! Na nilipomwonyesha alifanya nini? Alikifanya kihesabio cha kitanzi kuwa volatile ili kisifutwe. Nikatoka nje nikanunua munkoyo, nikanywa nimesimama.

Wengine mtauliza kwa nini haikuonekana wakati wa majaribio. Kwa sababu majaribio yalifanywa mahali ambapo kosa hili linajificha. Kwanza QEMU (programu ya kuigiza prosesa) kwenye kompyuta za kawaida za x86: inaigiza maagizo ya ARM, lakini maandishi yanapita kwenye prosesa ya kompyuta yako, na x86 haigeuzi mfuatano wa maandishi mawili wala wa masomo mawili mbele ya kori nyingine. Pili, bodi ya zamani ya majaribio ilikuwa Raspberry Pi 3, ile ya 2016, yenye Cortex-A53, kori inayotekeleza maagizo kwa foleni. Haikufanyi uwe sahihi, inakupa tu nafasi chache za kuaibika. A72 haina foleni hiyo: agizo lililo tayari linapita. Tulipobadilisha bodi hatukubadilisha hata mstari mmoja wa kerneli, tukajisifu kwamba imehamia bila shida.

Kuikamata yenyewe kulinichukua wiki mbili, na wiki ya kwanza niliipoteza kwa ujinga wangu. Nilitia ujumbe wa kuchapisha kwenye waya wa siriali, kosa likatoweka. Niliuondoa, likarudi. Bila shaka: kuchapisha kunachukua kufuli, kufuli lina beria (agizo linalolazimisha mfuatano) ndani yake, na siriali ni polepole kama taxi-bus inayosubiri ijae. Kipimo kilikuwa dawa. Nikaacha, nikaipa kila kori kibafa chake cha mduara kwenye kumbukumbu, bila kufuli, kila tukio likiandikwa na namba ya kihesabio cha muda ambacho kori zote zinakisoma kimoja. Baada ya kuanguka nikapanga vibafa vinne kando kwa kando. Pale: A imeandika pointa, imeshusha bendera, B imeona bendera, B imebeba pointa ya zamani. Kisha nikaandika jaribio dogo la kori mbili na anwani mbili, likizunguka bila kukoma kwenye bodi ile ile. Chai yangu haijapoa, jibu lisilotakiwa likatokea. Nikaliweka jaribio hilo hilo kwenye herd7, programu inayokagua mfuatano wote unaoruhusiwa na kanuni za prosesa. Ikajibu Sometimes. Si mara nyingi, si kila siku. Wakati mwingine. Neno hilo ndilo limetumwagia samaki.

Na mimi sikupata mara moja, niseme ukweli. Niliweka beria upande wa A peke yake, ya maandishi tu. Kuanguka kukapungua, nikajiona mfalme, kikaanguka tena. Beria ya upande mmoja ni mlango wenye bawaba bila komeo. Dawa kamili ni pande mbili: A inashusha bendera kwa uandishi wa kuachilia (yaliyotangulia yaonekane kwanza), B inaisoma kwa usomaji wa kupokea (yanayofuata yasisomwe mapema). Kwenye ARM hii ni stlr upande huu na ldar upande ule. Linux inafanya hivyo hivyo mahali hapo hapo kwenye skejula yake, tena na maelezo marefu juu yake, kwa hiyo sijavumbua kitu. Herd7 ikabadilisha jibu: Never.

Mistari miwili. Nikaipeleka kwa mkubwa. Akauliza: "Miezi mitatu, mistari miwili?" Kisha akauliza kama inaweza kusubiri, maana stabilizata mpya zimeshalipiwa na inabidi zitumike.

Nimetulia kidogo, niongeze la pili, na hili nataka msaada wa kweli. Kori isipokuwa na kazi inainua bendera ya "nimelala", inakagua foleni mara ya mwisho, kisha inalala mpaka intarapti (ishara ya kuiamsha). Anayeleta kazi anaiweka kwenye foleni, anaangalia kama kori imelala, ikiwa imelala anaipigia. Hapa kila mmoja anaandika chake kisha anasoma cha mwenzake, na maandishi yakiwa bado kwenye bafa ya kori (foleni ya maandishi ambayo hayajafika kwenye kumbukumbu), wote wawili wanaweza kusoma ya zamani: mlalaji haoni kazi, mleta kazi haoni usingizi. Hakuna anayepiga simu. Kazi inakaa kwenye foleni mpaka jambo jingine liiamshe kori. Hili hata x86 inaliruhusu, kwa hiyo asije mtu na "kwangu inatembea". Linataka beria kamili kati ya kuandika na kusoma, pande zote mbili, na kwenye msimbo wetu haipo hata moja. Nilitaka kuiweka pamoja na ile mistari miwili. Nikaambiwa: usiguse, inatembea.

Swali langu: kuna aliyeshughulika na kulala bila tiki (bila saa ya kuiamsha kori kila mara) kwenye kori kama hizi, aniambie aliipima vipi beria hiyo bila kuharibu kipimo? Asembli mkononi, tafadhali. Anayekuja na volatile aende kwanza kuuliza bei ya samaki Kenya.

NYONGEZA, saa tisa na robo: simu imetoka Kipushi sasa hivi. Kifaa cha kule hakikuanguka. Umeme ulikatika, grupu likakaa kimya kama dakika moja, kisha likawaka lenyewe. Mkubwa amefurahi, anasema ona, kumbe limejirekebisha.