Hiace ya 3L: nifungue injini au ninunue ya mtumba?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina Hiace ya dizeli, injini aina ya 3L, kilomita 412,000, nabeba abiria Tororo hadi Busia. Asubuhi inawaka kwa taabu, inatoa moshi wa bluu, na kila baada ya siku mbili naongeza nusu lita ya oili. Jana nilifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: moshi ukapanda kama sigiri iliyowashwa sasa hivi. Gari hili limenisomeshea watoto watatu, na bodi bado ngumu. Fundi wangu anasema tufungue injini tuikarabati. Wenzangu stendi wanasema niende Kisekka, soko la vipuri Kampala, nichukue injini ya mtumba.

Jibu:
Pole, mzee wangu. Pima kwanza kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Moshi ungetoka asubuhi tu kisha ukakata, ningeshuku sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isipite kwenye valvu. Lakini huo wa kwenye kifuniko ni wa ringi za pistoni zilizochoka, zinaachia gesi ishuke kwenye oili.

Jibu:
Mimi nilinunua ya mtumba. Mwezi wa nne tangu niifunge beringi zikagonga, pesa ikaenda. Yako unaijua tangu zamani. 3L ni chuma kizito, silinda zinachongwa na kuwekwa pistoni kubwa zaidi. Krenki nayo, shafti inayozungushwa na pistoni, ipimwe. Na gari liliwahi kuchemka? Basi hedi, kile kichwa cha juu ya silinda, ikaguliwe nyufa kabla hujanunua hata gasketi.

Mwenye swali:
Lilichemka mara moja, mwaka jana, rejeta ilivuja. Asanteni sana. Kesho abiria watanisamehe, napeleka kupima.