Naomba ushauri: ukocha wa magongo chuoni Marekani

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Nilicheza beki hapa Nairobi hadi goti likagoma, sasa nanoa kina dada wa chuo kimoja, hasa kwenye kona fupi (pigo la adhabu la kutoka mstari wa nyuma). Chuo cha Marekani, cha daraja la tatu la NCAA (shirika la michezo ya vyuo vya huko), kinanitaka niwe kocha msaidizi huku nikisoma uzamili. Karo watalipa, posho kiduchu. (Magongo ya NCAA ni ya wanawake tu, hilo halinisumbui.) Nimewaandikia kuhusu saa za kazi, wananijibu juujuu.

Mliopitia huko: viza ya F-1 (ya mwanafunzi) inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, safari za mechi za wikendi zinahesabiwa humo? Na baada ya shahada, wasaidizi huajiriwa kweli, au nitarudi kupiga filimbi City Park, uwanja wetu wa magongo hapa Nairobi?