Naomba ushauri: biashara kati ya Unguja na Ngazija

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote habari zenu.

Kikundi chetu cha akinamama hapa Unguja kinashona kofia za viua na kutengeneza sabuni za mwani na karafuu. Tumepatana na kikundi cha wenzetu wa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija: sisi tuwapelekee kofia, maana kwao harusi kubwa haikamiliki bila kofia nzuri, nao watuletee vanila na mafuta ya mlangilangi. Walitutumia kichupa cha kujaribia, na sabuni ilipokauka harufu bado ilikuwa imejaa chumba kizima. Wengi wetu tuna damu ya Kingazija, kwa hiyo jambo hili tunalitaka kwa moyo.

Tulipokwama ni kwenye karatasi na malipo. Komoro imo COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), Tanzania ilitoka mwaka 2000. SADC (jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika) tumo sote, wao tangu 2018. Wakala mmoja wa forodha ametuambia cheti cha uasili cha SADC, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetengenezwa nchi gani, kitatupunguzia ushuru, mwingine anasema kwa mzigo mdogo hakisaidii kitu. Benki nayo inageuza shilingi kuwa dola, kisha yuro, kisha faranga ya Komoro, na kila hatua ina makato. Kwa mzigo wa katoni mbili tatu faida yote inaishia hapo.

Kwa aliyewahi kupeleka bidhaa Moroni: cheti hicho kilikubaliwa bandarini kwao? Na mlilipana vipi bila kupitia sarafu tatu, au kubadilishana mali kwa mali kunaruhusiwa forodhani?