Banda jipya la skuli: tuanze na dari au vigae?

MwalimuWete: Assalaam alaykum. Kamati ya skuli yetu imejenga banda la vyumba vitatu ambalo limekwisha kuezekwa mabati, na fedha zilizobaki zinatosha ama kutia dari ama kuweka vigae sakafuni. Wazee wengi wanataka vigae, kwa kuwa vinapendeza. Mimi nasomesha darasa la tano, na wakati wa masika, mvua ikilipiga bati, huacha kusema nikaandika ubaoni tu, huku watoto wa nyuma wakisimama ili waone. Je, upo ushahidi kwamba jengo lenyewe huathiri masomo ya mtoto?

BiMtafitiUnguja: Upo, Maalim. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa madarasa 153 katika skuli 27 za msingi, na wakaona kwamba hali ya chumba ilieleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Mwanga, joto na hewa vilikuwa na uzito mkubwa. Kuta zilizosheheni mapambo, kinyume na wengi tunavyodhani, hazikuwasaidia watoto. Zile ni skuli za nchi ya baridi, kwa hiyo tarakimu hizo nisingezihamishia Pemba kama zilivyo.

FundiChake: Dari kwanza. Ikiachiwa nafasi ya hewa chini ya bati, pamoja na matundu ya kupitishia hewa hiyo, hupunguza joto na kelele kwa pamoja. Lakini madirisha yametazama wapi? Kwetu jua hupita karibu na utosi, hivyo yakitazama kaskazini na kusini huepukana nalo kwa sehemu kubwa, na kaskazi na kusi, kila upepo kwa msimu wake, hupita chumba kizima.

MwalimuWete: Yametazama mashariki na magharibi, wakati wa kuchimba msingi hakuna aliyeuliza. Sasa nimefahamu kwa nini katika mkondo wa mchana, ikifika saa tisa, watoto wa upande wa dirisha hubanana wanne wanne kwenye madawati ya wenzao. Nami nilikuwa nikiwagombeza nikidhani ni utundu.

FundiChake: Basi tieni dari, kisha mtoe kipenu kirefu cha makuti upande huo wa magharibi. Nguzo chache zinatosha, na makuti wazazi wenyewe wanaweza kuyaleta.